Kujiandaa kwa SAT au ACT na kuandika insha ya maombi ya chuo kikuu Marekani

Anayeomba nafasi katika chuo kikuu cha Marekani ana kazi mbili zinazogombania muda uleule: mtihani (SAT au ACT, mitihani ambayo vyuo vya huko hutumia kupima waombaji) na insha. Wengi huhangaika na mtihani mwaka mzima, kisha insha wanaiandika usiku mmoja au miwili kabla ya dirisha la maombi kufungwa. Mwongozo huu unazipanga kazi hizo ili zisigongane. Nitakaa zaidi mahali pawili ambapo wanafunzi hodari hupoteza nafasi bila sababu, yaani kuchambua makosa ya mazoezi na kuchagua la kuandika. Mengine nitayapitia haraka.

Hatua ya 1: Anza na orodha ya vyuo

Kabla hujajisajili kwa mtihani wowote, jua kama vyuo unavyovitaka vinauhitaji. Kuanzia 2020 vyuo vingi vilifanya alama za SAT na ACT kuwa za hiari, na vingi bado viko hivyo. Baadhi vimebadili msimamo. MIT ilirudisha sharti hilo 2022, na mwaka 2024 Dartmouth, Yale, Brown, Harvard na Caltech vikatangaza kurudisha masharti ya mtihani. Yale inakubali pia matokeo ya AP au IB, mitihani ya masomo ya juu ya sekondari, badala ya SAT na ACT. Upande mwingine kuna vyuo vya University of California, ambavyo havitazami kabisa alama hizo vinapoamua nani aingie. Hata ukipata alama zote, hazitasomwa.

Sera hizi hubadilika, kwa hiyo usitegemee ulichosikia kwa aliyeomba miaka mitatu iliyopita. Fungua ukurasa wa udahili wa chuo chenyewe, usome sharti la mwaka ambao wewe utaanza masomo.

Chora jedwali lenye safu tano: jina la chuo, sera ya mtihani, tarehe ya mwisho, idadi ya insha za ziada (zile fupi ambazo chuo chenyewe huomba), na msaada wa fedha kwa wanafunzi wa kigeni. Safu hiyo ya mwisho isiachwe wazi. Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst huamua udahili wa mwanafunzi wa kigeni bila kuangalia kama familia yake ina uwezo wa kulipa, na akikubaliwa humpa msaada unaolingana na uhitaji wake. Vyuo vilivyo vingi havifanyi hivyo. Kwa mwombaji wa kigeni, kuomba msaada mkubwa huingia kwenye mizani ya uamuzi. Ni afadhali ulijue hilo Juni kuliko Aprili, barua za majibu zinapofika.

Kuhusu tarehe: maombi ya mapema kwa kawaida hufungwa 1 au 15 Novemba, na ya kawaida siku za mwanzo za Januari. Maombi ya mapema yako ya aina mbili, na kuzichanganya ni hatari. Aina moja inakufunga, maana yake ukikubaliwa umeahidi kwenda huko na kuondoa maombi yako kwingine. Nyingine haikufungi, unapata tu jibu mapema. Kama familia yako italazimika kulinganisha msaada wa vyuo kadhaa kabla ya kuamua, naona ile inayofunga haikufai, hata kama chuo unakipenda sana.

Hatua ya 2: Chagua mtihani mmoja

SAT na ACT hupokelewa sawa. Hakuna chuo kinachoupa mmoja heshima kuliko mwingine, na hakuna haja ya kufanya yote miwili. SAT ina sehemu mbili, Kusoma na Kuandika pamoja na Hisabati, na alama zake ni kati ya 400 na 1600. ACT ina Kiingereza, Hisabati na Kusoma, na alama zake ni kati ya 1 na 36. Kuanzia 2025 ACT ilifupishwa, na sehemu ya Sayansi ikawa ya hiari.

Fanya jaribio kamili la kila mmoja, kwa saa, kwa siku mbili tofauti, halafu linganisha. Kwenye SAT una muda mrefu kidogo kwa kila swali, lakini maswali yenyewe yanataka utulie. ACT huenda kasi zaidi na vifungu vyake vya kusoma ni virefu. Ukishachagua, usirudi nyuma. Nitaendelea na SAT, ila mbinu ya kuchambua makosa ni ileile kwa ACT.

Kuna pia mtihani wa kuthibitisha uwezo wa Kiingereza, kama TOEFL, IELTS au Duolingo. Vyuo vingine humsamehe aliyesoma sekondari kwa Kiingereza. Uliza kabla hujalipia.

Hatua ya 3: Jua SAT ilivyojengwa

SAT ya sasa hufanywa kwenye kompyuta, kwa programu iitwayo Bluebook. Nje ya Marekani ilianza hivyo Machi 2023, na ndani ya Marekani Machi 2024. Vitabu vya zamani vya karatasi vina vifungu virefu vya kusoma, kila kimoja na maswali kumi hivi. Mtindo huo haupo tena, kwa hiyo usitoe pesa yako kununua kitabu cha namna hiyo. Siku hizi kila kifungu ni kifupi, kati ya maneno 25 na 150, na kina swali moja tu.

Kusoma na Kuandika kuna maswali 54 kwa dakika 64. Hisabati ina maswali 44 kwa dakika 70. Katikati kuna mapumziko ya dakika 10. Kila sehemu imekatwa moduli mbili zenye muda sawa, na moduli ya pili hubadilika kulingana na ulivyofanya ya kwanza. Ukifanya vizuri ya kwanza, unapewa ya pili iliyo ngumu, na hiyo ndiyo njia ya kuzifikia alama za juu. Ukiivuruga ya kwanza, unapewa iliyo rahisi, na alama zako zinawekewa dari.

Kwa hiyo moduli ya kwanza haiendeshwi mbio. Katika Hisabati una kama dakika moja na nusu kwa swali, na katika Kusoma zaidi kidogo ya dakika moja. Swali likikukwamisha, liwekee alama ya kurudia, programu ina kitufe chake, uendelee mbele. Usiache swali lolote bila jibu, kwa sababu jibu baya halipunguzi alama. Na moduli ya pili ikikuonekea ngumu ghafla, usitishike. Huenda ni ishara kwamba ya kwanza umeifanya vizuri.

Hisabati yote unaruhusiwa kikokotoo, na ndani ya Bluebook kuna kikokotoo cha grafu cha Desmos. Kijue kama unavyoijua kalamu yako. Karibu asilimia 70 ya maswali ya Hisabati ni aljebra, ya mwanzo na ya juu, na mengi kati ya hayo hujibika kwa kuchora grafu na kusoma mahali mistari inapokutana. Yanayobaki ni uwiano, asilimia na takwimu, pamoja na jiometri na trigonometria.

Hatua ya 4: Panga tarehe kurudi nyuma

SAT hufanyika karibu mara nane kwa mwaka: Machi, Mei, Juni, kisha kila mwezi kuanzia Agosti hadi Desemba. Anayetaka kutuma maombi ya mapema Novemba ningemshauri afanye mtihani wa kwanza Machi au Mei, na kama alama hazijamridhisha arudie Agosti. Oktoba iwe akiba tu, maana mwezi huo ni wa insha. Vyuo vingi huchukua alama bora ya kila sehemu kutoka tarehe tofauti. Kwa hiyo anayerudia anaweza kutilia mkazo sehemu iliyomwangusha bila kuhofia kuipoteza ile aliyoifanya vizuri.

Vituo vya nje ya Marekani si vingi, na nafasi hujaa mapema. Jisajili mara usajili unapofunguliwa, na jina uandike kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Kama huna kompyuta mpakato, waandaaji, College Board, wana utaratibu wa kuazimisha, lakini ombi lazima lifike angalau siku 30 kabla ya mtihani. Hili ni jambo dogo linalowafungia watu nje ya chumba.

Hatua ya 5: Daftari la makosa

Hapa ndipo alama hupanda. Majaribio kamili yaliyotolewa na waandaaji wenyewe ndani ya Bluebook ni ya bure, lakini hayana wingi. Anayefanya moja kila Jumamosi, akatazama alama, akahuzunika au akafurahi, kisha akangoja Jumamosi nyingine, atayamaliza yote na kujikuta alipoanzia. Jaribio ni kipimo. Kinachokufundisha ni saa mbili au tatu unazokaa na makosa yako baadaye.

Chukua daftari la kawaida. Kila swali ulilokosa liandikie mistari minne: swali lilitaka nini, nilijibu nini na nilifikiri nini, kosa ni la aina gani, nitafanya nini nikikutana nalo tena. Tuchukue mfano. Swali linasema: mlinganyo x² − 6x + c = 0 una jibu moja tu; c ni ngapi? Mwanafunzi amejaza 36. Kwenye daftari anaandika, "Nilikosea hesabu." Maneno hayo hayamsaidii kitu. Sasa tazama namna ya pili:

"Nilijua kwamba ili kuwe na jibu moja, b² − 4ac lazima iwe sifuri. Niliandika 36 − 4c = 0, nikamalizia kichwani na kujaza 36 badala ya kugawanya kwa 4. Aina: haraka. Dawa: hatua ya mwisho niiandike, halafu nirudishe jibu kwenye mlinganyo. x² − 6x + 9 ni (x − 3)², jibu ni moja, sawa. Pia ningeweza kuchora kwenye Desmos nikaona mchoro unagusa mstari wa x mahali pamoja tu."

Huyu wa pili amegundua kwamba hana tatizo la aljebra. Ana tatizo la kumalizia hesabu kichwani, na bila shaka limemtokea kwenye maswali mengine manne ya mada tofauti kabisa. Angekwenda kusoma upya sura nzima ya milinganyo, angepoteza wiki.

Aina za makosa ninazozipendekeza ni tano: sikujua kanuni, nilijua lakini sikuitambua ndani ya swali, haraka, muda uliniishia, nilibahatisha nikapata. Hiyo ya tano watu huiruka kwa sababu jibu ni sahihi, lakini uliyoyabahatisha hayakuwa yako. Yaandike kama makosa.

Baada ya majaribio mawili, hesabu kila aina. Kama nyingi ni "sikujua", nenda kwenye tovuti ya Khan Academy, ambako mafunzo ya SAT yanatolewa bure kwa ushirikiano na College Board, usome mada hiyo moja hadi uimudu. Kama nyingi ni "haraka", usisome chochote kipya. Fanya maswali machache kwa utaratibu wa kuandika kila hatua. Kama nyingi ni "muda", angalia ni swali la ngapi lililokula dakika tano. Mara nyingi ni moja au mawili ambayo mtu aligoma kuyaacha.

Kwa upande wa Kusoma na Kuandika, mambo mawili hulipa haraka. La kwanza ni alama za uandishi. Sentensi mbili zilizo kamili haziunganishwi kwa mkato peke yake. Zinataka nukta, nukta-mkato (;), au mkato ukifuatwa na kiunganishi. Ukiona swali la namna hiyo, funika kilicho kushoto kwa alama, usome cha kulia peke yake, kisha ufanye kinyume. Kila upande ukiweza kusimama wenyewe, chaguo lenye mkato mtupu lifute. Vilevile, maelezo ya ziada yaliyopachikwa katikati ya sentensi hufungwa kwa alama ileile iliyoyafungua: mkato kwa mkato, kistari kwa kistari.

La pili ni maswali ya msamiati. Usianze kwa kutazama machaguo, kwa sababu manne yote yameandikwa yakushawishi. Soma kifungu, weka neno lako mwenyewe kwenye nafasi iliyo wazi, hata likiwa neno la Kiswahili, halafu ndipo utafute chaguo lililo karibu nalo. Kukariri orodha ya maneno elfu ni kazi kubwa yenye faida ndogo. Afadhali usome kila siku kurasa mbili za Kiingereza kilichoandikwa vizuri, leo sayansi, kesho historia, keshokutwa hadithi, maana vifungu vya mtihani hutoka kotekote huko.

Saa moja kwa siku, siku tano kwa wiki, kwa miezi mitatu, inamtosha mwanafunzi aliye sawa darasani. Jaribio kamili moja kila baada ya wiki mbili. Wiki ya mwisho usifanye jaribio jipya. Soma daftari lako.

Hatua ya 6: Siku yenyewe

Bluebook hufunguliwa siku chache kabla ili ukamilishe maandalizi na kupata tiketi ya kuingilia. Fanya hivyo mapema. Chaji kompyuta ijae, na chaja uibebe. Beba pasipoti, kalamu na kitu cha kula wakati wa mapumziko. Intaneti ikikatika katikati, usiache kujibu, kwa kuwa programu inahifadhi majibu yako kwenye kompyuta. Intaneti inahitajika hasa mwanzoni na wakati wa kuwasilisha.

Hatua ya 7: Insha

Vyuo zaidi ya 1,000 hupokea maombi kupitia Common App, mfumo unaofunguliwa upya kila 1 Agosti. Ndani yake kuna insha moja kuu ya maneno 250 hadi 650, ambayo husomwa na vyuo vyote utakavyoviomba kupitia mfumo huo na vinavyoitaka. Mada ziko saba, na ya saba inakuruhusu kuandika lolote. Kwa sababu hiyo sikushauri uanze kwa kuchagua mada. Tafuta kwanza la kusema, mada utaipata baadaye.

Tuliolelewa na insha za shuleni tuna mazoea yanayotugharimu hapa. Tumefundishwa kufungua kwa methali, kusema mambo yanayomhusu kila mtu, kujiweka nyuma, na kufunga kwa nasaha. Afisa wa udahili anayasoma maombi mengi kwa siku moja, na alama zako tayari anazo mbele yake. Anachokitafuta ni akili yako inavyofanya kazi: uliona nini ambacho wengine hawakukiona, ukakifanyia nini, na ukabadili mawazo wapi. Hiyo haihitaji msiba wala ushindi mkubwa. Tena ningekuonya usiuchimbe uchungu wako kwa kudhani kwamba ndio unaouza. Kama jambo zito limekupata na unataka kulieleza, lieleze. Kama hutaki, huna deni kwa mtu yeyote.

Ili kupata la kuandika, kaa na karatasi kwa nusu saa ujibu maswali haya bila kujichuja. Ni kazi gani watu huniletea mimi? Nilibishana na nani nikagundua yeye ndiye mwenye haki? Ni kitu gani nimekifanya mara nyingi kiasi kwamba naweza kumweleza mtu kila hatua yake? Nini kinaniudhi ambacho wengine wamekizoea?

Huu ni mfano wa mwanafunzi aliyekuwa kiongozi wa bweni. Insha yenyewe itaandikwa kwa Kiingereza, ila kosa na dawa yake ni vilevile kwa lugha yoyote. Rasimu ya kwanza:

"Nikiwa kiongozi wa bweni nilijifunza umuhimu wa uongozi, ushirikiano na uvumilivu. Nilikumbana na changamoto nyingi lakini sikukata tamaa, na mwishowe wenzangu waliniheshimu."

Hakuna uongo hapa, lakini aya hii ingeweza kuandikwa na kiongozi yeyote wa bweni lolote. Rasimu ya baadaye:

"Ratiba yangu ya kwanza ya usafi ilikuwa sawa kwa hesabu: kila mtu zamu nne kwa mwezi. Ndani ya wiki moja wenzangu watatu waliacha kunisalimia. Kufagia korido ni dakika kumi. Kuosha vyoo ni saa nzima, na maji uyachote mwenyewe. Nilikuwa nimegawa zamu, sikugawa kazi. Jumapili iliyofuata niliziandika kazi zote ubaoni, nikamwuliza kila mtu: ungekubali kufagia korido mara ngapi ili usioshe vyoo mara moja? Wengi walisema mara tatu. Tatu ikawa bei ya vyoo."

Neno "uongozi" halimo, na uongozi unaonekana. Tunamwona mtu aliyekosea, akaelewa kosa lilikuwa wapi, akatafuta kipimo kutoka kwa watu wenyewe badala ya kukitunga. Akiomba kusoma uchumi au uhandisi, afisa ameshamwelewa. Kutoka hapo insha inaweza kwenda mahali pengine pagumu zaidi, mathalani kwa yule aliyesema hata mara kumi hatoshi, na kwa nini.

Kuhusu kuandika kwenyewe: rasimu ya kwanza iache iwe ndefu, hata maneno 1,000. Ipumzishe siku tatu. Kisha kata. Aya ya kwanza ndiyo mara nyingi ya kwanza kuondoka, kwa sababu mwandishi alikuwa bado anapasha moto. Jaribu kuanzia aya ya pili uone kama kuna kilichopotea. Aya ya mwisho inayoeleza "nimejifunza nini" ipunguze ibaki sentensi moja au iondoe kabisa. Soma kwa sauti. Mahali ulimi unapojikwaa, sentensi hiyo si yako.

Usitafute maneno makubwa ya Kiingereza kwenye kamusi ili uonekane msomi. Kiingereza chepesi kilichonyooka kinamsomesha mtu hadi mwisho. Mpe rasimu mtu mmoja au wawili, usizidishe, na uwaulize swali moja: "Umenijua vipi baada ya kusoma?" Wakikupa sentensi zao, zikatae kwa adabu. Na insha usiiandikishe kwa akili bandia. Kanuni za Common App zinahesabu kuwasilisha maandishi ya namna hiyo kama yako kuwa ni udanganyifu, na zaidi ya hapo, utakuwa umekitupa kitu pekee kwenye fomu hiyo ambacho hakuna mwingine angeweza kukiandika.

Insha za ziada ni fupi lakini zinaumiza. Ile ya "kwa nini chuo chetu" hukwama pale mtu anapokisifia chuo sifa ambazo kinazijua. Fanya jaribio hili: badilisha jina la chuo, uweke la kingine. Insha ikibaki na maana, irudie. Tafuta somo fulani, maabara fulani au utaratibu fulani wa masomo wa chuo hicho, kisha ueleze unaungana vipi na jambo ambalo tayari unalifanya. University of California wana mfumo wao wenyewe: unachagua maswali manne kati ya manane, na kila jibu lisizidi maneno 350. Wao wanataka majibu ya moja kwa moja, kwa hiyo usibandike insha ya Common App humo.

Usiidharau orodha ya shughuli. Nafasi ni kumi, na maelezo ya kila moja ni herufi 150 tu, nafasi tupu zikihesabiwa. Anza na kitenzi, weka idadi, ondoa sifa. Kulea wadogo zako, kusaidia kazi ya familia, kutafuta kuni au kuuza dukani baada ya shule ni shughuli halali. Ziandike pamoja na saa ulizozitumia kwa wiki. Wanafunzi wengi huziacha kwa kuona haya, halafu fomu inawaonyesha kama watu waliokaa bure.

Hatua ya 8: Barua za walimu

Vyuo vingi vyenye ushindani huomba barua za walimu wawili na ya mshauri au mkuu wa shule. Chagua mwalimu anayekufahamu unavyofikiri, hata kama kwake hukupata alama ya juu kabisa. Mwombe angalau mwezi mmoja kabla, ana kwa ana ikiwezekana, na mwachie karatasi moja ya kumkumbusha. Ujumbe unaweza kuwa hivi:

"Shikamoo mwalimu. Ninaomba nafasi katika vyuo vikuu vya Marekani, na ningeshukuru sana kama ungekubali kuniandikia barua ya mapendekezo. Nakuomba wewe kwa sababu uliona nilivyohangaika na mradi wa umeme muhula uliopita. Tarehe ya mwisho ni 1 Novemba. Kama una majukumu mengi nitaelewa, mwalimu. Ukikubali, nitakuletea karatasi yenye mambo niliyoyafanya darasani kwako, ili isikuchukulie muda mwingi."

Mkumbushe mara moja wiki mbili kabla, na tena siku nne kabla. Barua ikishatumwa, rudi umshukuru.

Hatua ya 9: Kutuma, na baada ya kutuma

Usitume siku ya mwisho. Siku tatu kabla, fungua hakikisho la fomu yote, lisome kama vile ni la mtu mwingine. Angalia kama jina la chuo kimoja limesalia ndani ya insha ya kingine; hutokea kila mwaka. Ada ya maombi ikiwa mzigo, ndani ya Common App kuna sehemu ya kuomba kusamehewa, na vyuo vingine hukubali ukiwaandikia barua pepe moja kwa moja. Kwa maswali ya utaratibu, vituo vya EducationUSA, vinavyofadhiliwa na Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, hutoa ushauri bila upendeleo kwa chuo chochote.

Baada ya kutuma, kila chuo hukutumia barua pepe ya kufungua akaunti ya kufuatilia maombi. Tafuta hata kwenye folda ya taka. Ingia kila wiki uangalie kama barua za walimu, nakala ya matokeo na fomu za fedha zimepokelewa. Kisipoonekana kitu, mwandikie mhusika siku hiyohiyo. Majibu ya maombi ya kawaida hutoka hasa Machi hadi mwanzoni mwa Aprili, na vyuo vingi vinataka uthibitishe kufikia 1 Mei. Kabla ya hapo, weka barua za msaada wa fedha mezani pamoja na wazazi, mtoe mikopo na kazi za chuoni kwenye hesabu, muone ni kiasi gani hasa familia italipa kila mwaka kwa miaka minne. Kama pengo ni kubwa, iandikie ofisi ya fedha ya chuo kabla hujathibitisha, ukiambatisha nyaraka za kipato, uombe wapitie upya uamuzi wao.